Bati halisukumwi na upepo, linanyonywa

Paa likibebwa, wa kwanza kulaumiwa ni bati: "lilikuwa jepesi, geji 30" (namba ya geji ikipanda, bati ni jembamba zaidi). Bati jepesi lina kosa lake, tutalifikia, ila uzito peke yake usingeliokoa paa hilo. Mita moja ya mraba ya bati la geji 30 ina kilo 2 na ushei. Ukijumlisha papi (mbao ambazo bati hupigiliwa) na kenchi (fremu za mbao zinazobeba papi), paa lote linafika kilo 10 hadi 15 kwa mita ya mraba. Sasa upepo: ukivuma kilomita 72 kwa saa una nguvu ya kilo 24 hivi kwa kila mita ya mraba. Kwa kilomita 108 ni kilo 55, na kwa 144 ni karibu kilo 100. Kasi ikizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Ndiyo maana paa lililovumilia kusi miaka kumi linaweza kuondoka usiku mmoja.

Na nguvu hiyo haiji kama mkono unaosukuma. Anayejua dau anaelewa haraka: chombo kikienda joshi, yaani kukaribia upepo unakotoka, tanga halisukumwi tu kutoka nyuma, linavutwa pia na upepo unaopita upande wake wa mbele. Nyumba nayo ina joshini, upande upepo unakotoka, na demani, upande unakoelekea. Upepo ukigonga ukuta wa joshini, sehemu yake inapanda juu kwa kasi. Ukifika ukingo wa bati hauwezi kukata kona ghafla, kwa hiyo unaruka na kuliacha paa, na chini yake panabaki hewa inayozunguka, yenye mgandamizo mdogo. Ndani ya nyumba mgandamizo haujapungua. Tofauti hiyo ndiyo inayonyanyua bati. (Maelezo ya kwamba hewa ya juu "inakimbia ili iifikie ya chini" yameenea sana, na si kweli. Hakuna kinachoilazimu kufika pamoja.)

Kwa hiyo paa halivutwi sawasawa. Katikati mvuto ni wa wastani. Pembezoni unakaribia kuwa mara mbili, na kwenye kona, ambako hewa hujisokota kama pia kutoka kingo mbili, huzidi hapo. Mapaa yenye mwinamo mdogo ndiyo yanayoumia zaidi. Paa la pande nne hustahimili kuliko la pande mbili, kwa sababu halina ukuta mrefu wa pembetatu wa kuupa upepo kikwazo.

Upenu nao unapigwa mara mbili: juu unavutwa, chini unasukumwa na upepo uliogonga ukuta. Ukizidi sentimita 60, uongezewe vifungo. Baraza ya wazi tunashauri iwe na paa lake, chini ya paa kubwa, ili ikiondoka iondoke peke yake. Na dirisha au mlango wa joshini ukivunjika huku pengine pote pamefungwa, hewa inajaa ndani na kusukuma dari juu, mzigo wa paa unakaribia mara mbili. Wako wanaofungua madirisha ya demani ili "nyumba ipumue". Kwa upepo wa upande mmoja lina mantiki. Kwa kimbunga hapana, kwa sababu upepo wake hugeuka: demani ya saa mbili usiku yaweza kuwa joshini saa sita.

Sasa mnyororo. Nguvu iliyo kwenye bati lazima ishuke hadi ukutani, na paa hukatika palipo dhaifu.

Msumari na bati. Papi zikiwa sentimita 90 kutoka moja hadi nyingine, na msumari kila baada ya wimbi moja, yaani kama sentimita 15, upepo wa kilomita 108 unaupa kila msumari kilo 7 hadi 8, na pembezoni kilo 15. Fundi akiruka mawimbi matatu, mzigo ni mara mbili. Hapa ndipo geji 30 inapokosea: msumari hautoki, bati ndilo linalochanika. Angalia tundu lenyewe. Likiwa la duara, salama. Likiwa limerefuka kama punje ya mchele, bati limekuwa likipigapiga, na kofia ya msumari iko karibu kupita.

Papi na kenchi. Hapa ndipo tunapokuta kasoro nyingi, na hapaonekani kwa nje. Kenchi zikiwa mita 1.2 kutoka moja hadi nyingine, kwa upepo huohuo, kila kiungo kinabeba zaidi ya mita moja ya mraba: kilo 55 hadi 60, pembezoni mara mbili. Kimeshikwa na nini? Mara nyingi misumari miwili ya inchi 4 iliyopigwa wima, kwenye mbao mbichi. Mbao ikikauka, msumari unalegea. Ipigwe kwa kulaza, mmoja huku mmoja kule, na juu yake upite mkanda wa chuma.

Kenchi na ukuta. Nyumba ya upana wa mita 8, pamoja na upenu wake, kwa upepo huohuo inaweka kama kilo 240 kwa kila mwisho wa kenchi, uzito wa paa ukishatolewa. Tofali la inchi 6 lina karibu kilo 30. Kati ya kenchi na kenchi, kozi moja, yaani safu moja ya tofali, ina matofali mawili na nusu hivi, kilo 80. Waya uliofungwa kozi ya juu tu utanyanyuka na tofali zake. Upite chini ya kozi nne, au bora nondo ya milimita 10 iliyomwagiwa ndani ya lenta na kukunjwa juu ya mbao ya ukutani.

Shangani na Mikindani, huku Mtwara, na popote chumvi ya bahari inapofika, msumari huliwa shingoni, chini ya kofia, usipoonekana. Tunapokagua tunang'oa mitatu ya kona ya kusini-mashariki. Ukitoka kwa vidole, safu nzima inabadilishwa kwa skrubu zenye mpira.

Wengi hupaua fedha za korosho zikitoka, mwisho wa mwaka, msimu wa vimbunga ukiwa umeanza. Kimbunga cha 1952 kilitua Lindi, na kile cha Kenneth, Aprili 2019, ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji. Kama fedha haitoshi kwa paa zima, anza na mita moja na nusu ya pembezoni pande zote: msumari kila wimbi, mkanda kila kiungo. Katikati pangoje korosho za mwakani.