Ujuzi wa mwandishi juu ya nafsi una jasho lake

Mhariri,

Naomba nafasi nipinge kauli ninayoisikia mara kwa mara, hata kwa walimu wenzangu wa fasihi, kwamba waandishi na wasanii huijua nafsi ya binadamu kwa kipaji tu, kana kwamba wamezaliwa na ujuzi huo.

Sikatai kwamba mara nyingi waandishi huwatangulia wataalamu. Mwaka 1922, Sigmund Freud, mwasisi wa uchunguzi wa nafsi kule Vienna, alimwandikia barua mwandishi Arthur Schnitzler, akikiri kwamba mambo aliyoyagundua yeye kwa kuwachunguza watu wengine kwa taabu, Schnitzler alikuwa tayari anayajua kwa hisi ya ndani tu. Wengi wanaoitaja barua hiyo huishia hapo. Lakini Freud alijisahihisha papo hapo, akasema kwamba hasa ujuzi huo ulitokana na mwandishi kujichunguza mwenyewe kwa makini. Tena Schnitzler alikuwa daktari, mwana wa daktari, na wagonjwa alikuwa amewahudumia kwa mikono yake.

Kwetu, namwona hivyohivyo Euphrase Kezilahabi. Katika Rosa Mistika, riwaya iliyotoka mwaka 1971, Zakaria anampiga binti yake kikatili kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anakwenda shule ya wasichana akiwa bado na woga ule, anawakwepa wavulana. Baadaye, akiwa chuo cha ualimu, mbali na macho ya baba, anajitupa kwa wanaume bila kujizuia. Riwaya haina istilahi za kitaalamu, lakini kila ninapofundisha sehemu ya kipigo darasa zima hunyamaza, na wapo wasichana wanaoinamisha vichwa mpaka kengele ilie. Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, kijiji kilekile alichomkuzia Rosa. Baba wa namna ya Zakaria hakuhitaji kumbuni kutoka hewani.

Kumwambia kijana kwamba hiki ni kipaji ni kumpotosha, kwa kuwa asiyejiona nacho hukata tamaa, na anayejiona nacho haoni haja ya kumsikiliza mtu. Ndiyo maana siku hizi, kabla wanafunzi wangu hawajaandika hadithi, huwatuma wakae na bibi au mjomba jioni moja, wasiulize mengi, kisha waniletee maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na pale aliponyamaza.

Mwalimu wa fasihi,
Mwanza