Ini moja laweza kuwatosha wawili, sheria iseme hivyo

Mhariri,

Kila mjadala wa sheria ya kuchangia viungo unapoibuka nchini, maneno yote huishia kwenye figo. Sababu naielewa. Muhimbili walianza kupandikiza figo mwaka 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma ikafuata mwaka 2018, na siku hizi si ajabu kukutana na mtu aliyepewa figo na nduguye wa tumbo moja. Ini halina wasemaji. Watoto wanaohitaji ini ndio kabisa, maana wengi wao hufariki kabla hawajajua kusema.

Naomba nafasi nidai jambo moja tu. Sheria ya viungo ikiandikwa, iwe na kifungu kinachoagiza kwamba ini zuri la mtu mzima aliyefariki lichunguzwe kwanza kama linagawanyika, na kama yupo mtoto anayesubiri na kipande kinamfaa, apewe yeye kipande hicho, sehemu kubwa iliyobaki iende kwa mtu mzima. Jambo hili lisiachwe kutegemea hisani ya daktari wa zamu.

Najua wapo watakaocheka: wodi za wazazi bado hazina vitanda vya kutosha, huyu anadai maini! Nimekuwa muuguzi Rungwe na Mbeya mjini mpaka nikastaafu, habari ya vitanda hamnisimulii. Ila sheria zetu tunazijua. Kikishapitishwa kifungu kibovu, kitakaa hapo mpaka wajukuu wa waliokipitisha waje kukilalamikia. Ni nafuu kudai sasa, wakati karatasi bado ni nyeupe.

Ini la mtu mzima lina uzito wa kama kilo moja na nusu. Tumboni mwa mtoto wa kilo saba haliingii, hata daktari awe fundi kiasi gani. Ndiyo maana zamani mtoto mdogo alikuwa anasubiri mtoto mwenzake afariki, na wazazi wa huyo marehemu wakubali. Unaweza kufikiria mwenyewe foleni hiyo ilivyokuwa. Mwaka 1984 daktari Mfaransa, Henri Bismuth, alilipunguza ini la mtu mzima ili lienee kwa mtoto. Mtoto alisaidika, lakini nusu kubwa ya ini ilitupwa, na mtu mzima aliyekuwa akilisubiri akabaki mikono mitupu. Ndipo mwaka 1988 Rudolf Pichlmayr, huko Hannover, Ujerumani, akaligawa ini moja na kuwapandikizia wawili, mtoto na mtu mzima.

Jambo hilo linawezekana kwa sababu ini lina maeneo manane, na kila eneo lina mshipa wake wa damu na mrija wake wa kutoa nyongo. Maeneo mawili ya upande wa kushoto kabisa, ambayo ni kama robo ya ini lote au pungufu kidogo, yanamtosha mtoto, na kipande hicho hukua kadiri mwenyewe anavyokua. Kilichobaki humtosha mtu mzima.

Kwa damu tumezoea jambo la namna hiyohiyo. Uniti moja uliyochangia Damu Salama ikitenganishwa, chembe nyekundu zinakwenda kwa mama aliyetokwa na damu wakati wa kujifungua, plazma kwa mwingine, chembe sahani kwa mtoto wa saratani. Sijawahi kumsikia mchangiaji akinung'unika kwamba damu yake imegawanywa.

Wenzetu wamekwisha liweka jambo hili kwenye kanuni. Uingereza, ini la marehemu aliye chini ya miaka 40 na mwenye uzito wa zaidi ya kilo 50 huangaliwa kwanza kwa ajili ya kugawanywa. Italia waliweka sharti mwaka 2015: marehemu mwenye umri wa miaka 18 hadi 50, ini lake litazamwe kwanza kwa faida ya watoto. Maini yaliyogawanywa yakaongezeka na watoto wakaanza kusubiri muda mfupi zaidi. Kabla ya hapo madaktari wa Italia ujuzi walikuwa nao vilevile, tena wa miaka mingi.

Sitaki nionekane nimeficha upande wa pili. Mtu mzima anayepewa ini lililokatwa ana hatari kidogo zaidi ya nyongo kuvuja pale lilipokatwa kuliko aliyepewa ini zima. Mgonjwa mahututi ambaye hana siku mbili mbele yake pengine anastahili ini zima, basi sheria itoe ruhusa hiyo, na daktari anayeitumia aandike sababu na kutia saini. Mimi hofu yangu ni ruhusa isiyoandikwa popote. Hiyo ndiyo itakayotumika kila siku, kwa sababu kupandikiza ini zima ni kazi rahisi kuliko kuligawa, na mtu mzima ana ndugu wa kupiga simu kwa wakubwa.

Watoto hawa ni akina nani? Wengi wao duniani kote ni wale waliozaliwa na mirija ya nyongo iliyoziba au inayoziba muda mfupi baada ya kuzaliwa. Nyongo inarudi nyuma, inalitia ini makovu, na bila tiba wengi hawafiki umri wa miaka miwili. Wauguzi wenzangu mtaniwia radhi nikiwasemesha hapa. Manjano ya kawaida ya mtoto mchanga huisha ndani ya wiki mbili. Yakizidi hapo, usimwambie mama akamwoteshe mtoto jua la asubuhi arudi mwezi ujao. Muulize choo cha mtoto kina rangi gani. Kikiwa kimepauka hadi kukaribia weupe, na mkojo umekolea, mtoto huyo ni wa rufaa siku hiyohiyo. Upo upasuaji uliobuniwa na Mjapani Morio Kasai miaka ya 1950 wa kuunganisha utumbo moja kwa moja na ini, na unafaa zaidi ukifanyika kabla mtoto hajatimiza siku 60. Chanjo ya wiki ya sita inaangukia siku ya 42. Mama yuko mbele yako, kadi ya kliniki iko mezani, swali lenyewe halichukui hata dakika. Taiwan waligawa kadi za rangi za choo nchi nzima mwaka 2004, na nasi tungeweza kuchapa rangi hizo kwenye kadi zetu.

Lakini hata upasuaji huo ukifanikiwa, walio wengi huja kuhitaji ini jipya baadaye. Mzazi anaweza kutoa kipande chake akiwa hai. Mtoto wa kwanza duniani kufaulu kwa njia hiyo alipewa ini na mama yake huko Brisbane, Australia, mwaka 1989, na ini la mtoaji hujaza tena ukubwa wake baada ya wiki kadhaa. Bila shaka hapa kwetu tutaanzia hapo, kama tulivyoanza na figo. Sasa niambieni, mama aliyeachwa, ana watoto wengine watatu nyumbani na kundi lake la damu halilingani na la mgonjwa, atatoa nini? Mtoto wake hana namna ila kumtegemea marehemu asiyemjua.

Hapo ndipo penye kazi, na huku Nyanda za Juu Kusini kazi hiyo ni nzito kuliko wanavyodhani wanaokaa Dar es Salaam. Habari za watu kuchunwa ngozi Mbeya hazijasahaulika. Mauaji ya watoto ya Njombe ya mwanzoni mwa 2019 ni ya juzi tu. Mwaka 2025 tukasikia serikali ya Kenya imesimamisha upandikizaji wa figo katika hospitali moja ya Eldoret kwa tuhuma za biashara ya viungo. Mtu wa Mbozi au Makete akisikia daktari anaomba ini la marehemu wake na akashtuka, tusimwite mshamba. Ana haki ya kushtuka. Sheria ndiyo yenye wajibu wa kumtoa hofu: madaktari wanaothibitisha kwamba ubongo umekufa, yaani mtu amekwisha fariki ingawa mashine bado inaupumulisha mwili, wasiwe walewale wanaopandikiza, fedha isipite mkononi mwa yeyote, hata kwa jina la rambirambi, na pawepo daftari la taifa linaloonyesha kila kiungo kimetoka wapi na kimekwenda wapi, likaguliwe na watu wasio wa hospitali.

Na namna ya kuomba. Nimeona vifo vingi vya vijana wa bodaboda walioumia kichwa, na kwetu Unyakyusa uamuzi wa maiti si wa mke peke yake, wala si wa baba peke yake. Wapo baba wakubwa, wapo wajomba, na yupo mzee ambaye bila yeye kufika hakuna anayethubutu kusema neno. Ukimwomba mjane koridoni huku mashine ya kupumulia bado inalia chumbani, umepata jibu la hapana, na unastahili kulipata. Wakae ndugu, waelezwe na mtu mzima mwenye subira anayejua lugha yao, waambiwe wazi kwamba mwili utashonwa, utaoshwa, utavishwa na kuzikwa siku ileile waliyopanga. Waambiwe pia kwamba ini litakwenda kwa wawili, na mmoja wao ni mtoto. Kwa ninavyoijua misiba ya kwetu, taarifa hiyo inaweza kubadilisha mazungumzo.

Jambo jingine lisipite kimya. Utafiti wa taifa wa 2022/2023 ulionyesha maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya. Sheria ikisema tu kwamba mwenye VVU haruhusiwi kutoa, itakuwa imewaondoa wazazi wengi wa kwetu kwa mstari mmoja. Johannesburg mwaka 2017 mama mwenye VVU alimpa mtoto wake kipande cha ini, na mtoto hakuwa na VVU. Walimwanzishia dawa mapema wakijua hatari wanayoibeba, kwa sababu bila ini hilo angekufa. Si jambo la kufanya kiholela, lakini lisifungiwe mlango na watu ambao hawajawahi kukaa na mama wa namna hiyo.

Sidai ini lipandikizwe Mbeya. Litapandikizwa Dar es Salaam au Dodoma siku nchi itakapokuwa tayari. Ila ini likiwa kwenye barafu halina muda: likizidi saa 12 hivi linaharibika, na kuligawa nje ya mwili kunakula sehemu ya saa hizo. Kwa barabara, pamoja na Kitonga na malori yake, usitegemee. Itakuwa ni ndege kutoka Songwe, na ndege haisubiri muuguzi atafute namba ya simu. Kwa hiyo sheria itaje nani anapigiwa, usiku na mchana, na nani analipa gharama hizo, ili ndugu wa marehemu wasije wakadaiwa hata shilingi ya siku za ziada kwenye chumba cha wagonjwa mahututi.

Muswada ukifika bungeni, kamati itaita wadau watoe maoni. Naomba wabunge wa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa wahakikishe wanaoitwa si mabingwa wa figo peke yao. Waitwe madaktari wa watoto, waitwe wauguzi wa kliniki za mama na mtoto, na waitwe wazazi waliowapeleka watoto India kwa michango ya harambee, wakiwemo waliorudi na majeneza. Na hao wa mwisho walipiwe nauli.

Muuguzi mstaafu,
Tukuyu, Mbeya