Barua kwa vijana wa Malindi mnaosanifu setilaiti

Wanangu,

Assalamu alaikum. Baada ya salamu, nimeonyeshwa michoro yenu nikafurahi mno, kwani utotoni nilikuwa nikisimama ufukweni Ngomeni kuyatazama majukwaa ya San Marco, yale ya kurushia roketi baharini, ambako tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu yetu, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina la Uhuru. Ile ilikuwa na kilo 140 hivi. Yenu ni kijisanduku cha sentimita 10 kila upande, kipimo kilichobuniwa Marekani mwaka 1999, na ambacho Chuo Kikuu cha Nairobi kilikifuata kwa setilaiti yake ya mwaka 2018.

Neno langu ni juu ya maungio, yaani pale moduli, kipande kimoja cha setilaiti, inapounganishwa na nyingine. Mmegawana moduli vizuri, huyu betri, huyu redio, huyu kamera, lakini sikuona palipoandikwa pini ipi ipitishe volti 5, ipi ni hasi, wala nani mwenye uwezo wa kumkatia mwenzake umeme.

Nimetengeneza redio za mashua miaka mingi. Siku moja niliunga kibao nilichouziwa na fundi mwenzangu. Plagi iliingia barabara, hata nikausikia ule mlio wake mdogo wa kukaza, kumbe chanya na hasi zimepishana. Moshi ulitoka kabla sijaondoa mkono. Mimi nilinunua kibao kingine. Huko juu hakuna wa kukibadilisha.

Kwenye kimo cha kilomita 500 setilaiti huizunguka Dunia kwa dakika 95 hivi, na takriban 35 kati ya hizo huweza kuwa kivulini, ikiishi kwa betri peke yake. Kamera iliyoharibika ikinyonya umeme wakati huo, itaiua redio ambayo haina kosa lolote. Kwa hiyo kila moduli iwe na swichi yake, inayojikata umeme ukizidi, na kompyuta iweze kuiwasha tena. Joto nalo, kwa kuwa hakuna hewa ya kulipeperusha, lipewe njia ya chuma hadi kwenye fremu.

Kabla ya kuzipanga bodi sandukuni, zitandazeni mezani, mziunge kwa waya ndefu, mpime kila pini, na karatasi ya maungio itiwe saini na kila mmoja wenu. Yeyote akitaka kubadilisha pini moja, awaite wote. Njooni nazo kwangu Ijumaa baada ya sala. Meza ipo, na mita ya kupimia ipo.

Ni mimi mzee wenu,
Malindi