Karo ya shule itengwe kabla ya kukodi ukumbi

Kwa Mhariri,

Nilikuwa mhasibu wa shule moja ya kibinafsi hapa Malindi kwa miaka kumi na minne kabla ya kustaafu. Walionielemea zaidi katika kazi ile hawakuwa wazazi wenye dhiki, kwa sababu mzazi wa namna hiyo alifika mapema, akaeleza hali yake, na mara nyingi akalimaliza deni kidogo kidogo kwa tarehe alizoahidi. Walionielemea ni wenye uwezo, wenye maduka, maboti na nyumba za kupangisha wageni, ambao karo ya watoto wao ilikuwa ndiyo malipo ya mwisho kukumbukwa.

Muhula wa kwanza huanza Januari. Ramadhani ya mwaka 2025 iliingia mwanzoni mwa Machi, na ya mwaka 2026 katikati ya Februari, na kwa kuwa harusi nyingi za kwetu hufanywa kabla ya mwezi huo, Rajabu na Shaabani zimekutana ana kwa ana na ufunguzi wa shule. Hapo ndipo fedha za nyumba nzima huelekea kwenye ukumbi, usiku wa kupamba, seti za dhahabu, leso za sare kwa ndugu na mashoga, na biriani ya mamia ya watu. Sisemi harusi zisifanywe. Nimeoza mabinti wawili, na furaha ya siku zile ingali moyoni mwangu. Ninasema kwamba siku ya harusi hupangwa miezi mingi kabla, na siku ya kufungua shule hutangazwa mapema vilevile, kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba moja ilimjia ghafla.

Muhula wa pili ni mgumu zaidi, kwani huangukia masika, wakati hoteli nyingi za Malindi na Watamu zimefungwa na watalii wamekwisha kurudi kwao. Familia inayoishi kwa utalii na ikatumia mapato yote ya Desemba hadi Machi kwa gari jipya au kwa safari ya Dubai, ifikapo Mei haina kitu mkononi, ingawa jina lake mjini ni la kitajiri.

Pengine wazazi hawajui jinsi shule hizi zinavyoendeshwa. Katika shule ya umma, walimu hulipwa na Tume ya Huduma ya Walimu, na kwa kila mwanafunzi wa sekondari serikali imeweka mgao wa shilingi 22,244 kwa mwaka. Shule ya kibinafsi haipati mgao huo. Karo ndiyo mshahara wa mwalimu, wa mpishi na wa dereva wa basi, na familia kumi zikichelewa, kuna mwalimu ambaye mwisho wa mwezi hatalipa kodi ya nyumba. Nimewahi kuwaita walimu ofisini mwangu, mmoja baada ya mwingine, nikawaomba wapokee nusu, huku nikijua ni akina nani waliokuwa wakidaiwa na walikuwa wapi jioni ya Ijumaa iliyopita.

Mtoto naye huumia. Ninamkumbuka msichana wa Gredi ya 6 aliyerudishwa nyumbani wiki ya tathmini, akatoka langoni akiwa ameuficha uso kwa mkoba wake. Karo yake ililipwa kwa M-Pesa alasiri ile ile, maana yake fedha zilikuwepo.

Familia ikiona kwamba injini mpya ya boti au harusi ya kifungua mimba ina uzito zaidi, hiyo ni haki yao, na shule za umma zipo. Elimu ya msingi haina karo katika shule hizo tangu mwaka 2003, na Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Hakuna aibu kumpeleka mtoto huko. Mimi nilisoma huko. Lakini uamuzi huo ufanywe mwanzo, si baada ya madeni ya mihula mitatu, kwa sababu mtoto aliyelelewa katika mtaala wa Uingereza, unaofuatwa na baadhi ya shule za kibinafsi, hahamishiwi kwa urahisi katika mtaala wa umilisi unaofundishwa katika shule za umma akiwa na miaka kumi na mitatu.

Ninaziomba bodi za shule zetu zikubali karo ya muhula wa pili ilipwe kuanzia Januari, wakati wageni wamejaa na fedha ipo, na zimwandikie kila mzazi makubaliano hayo kwa tarehe. Na wazazi wanaojiandaa kuoza mwaka ujao ninawaomba wapitie ofisi ya mhasibu kwanza, wakiwa bado na fedha zote mkononi, kabla ya kulipa amana ya ukumbi.

Mhasibu mstaafu,
Malindi