Kusini mwa Afrika na watoto: angalieni majira

Mhariri,

Wengi wanaopeleka familia kusini mwa Afrika hukosea majira. Victoria Falls, maporomoko ya maji mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, hufurika mwezi Aprili, manyunyu yakaficha karibu kila kitu. Oktoba na Novemba, sehemu kubwa ya upande wa Zambia hubaki mwamba mtupu. Vukeni daraja mwende Zimbabwe. Mkifika Cape Town, tiketi ya boti ya Robben Island, kisiwa alikofungwa Mandela, iwe ya siku za mwanzo: upepo mkali huahirisha safari, na anayeondoka kesho hana pa kusogezea. Kruger, hifadhi ya wanyama ya Afrika Kusini, mwendo ni kilomita 50 kwa saa kwenye lami, 40 kwenye changarawe. Geti hufungwa jioni, na simba barabarani si udhuru wa kuchelewa. Atokaye Kenya achanjwe homa ya manjano angalau siku 10 kabla ya safari.

Msomaji,
Mombasa