Nyota ya Benzi isisifiwe kwa jumla

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nijibu makala mliyoichapa hivi karibuni kuhusu kampuni ya Mercedes-Benz, ambayo mwandishi wake alifikia uamuzi kwamba mtu akinunua gari lenye nyota ile, liwe la mwaka wowote, amenunua uimara wa Mjerumani. Makala ilisomeka vizuri, na mapenzi yake kwa magari hayo ninayo hata mimi fundi niliyeishi kwa kuyafungua na kuyafunga. Hata hivyo sifa ya kampuni hii haikuanza 1886 na kuendelea bila kukatika hadi leo. Ilijengwa na magari ya namna fulani katika kipindi fulani, ikatikiswa vibaya katika kipindi kingine, na mkazi wa Dar es Salaam anayetoa akiba yake kununua gari lililotumika anapaswa kuelezwa gari lake linatoka kipindi kipi.

Kuhusu asili ya kampuni sina ugomvi na mwandishi. Ni kweli kwamba Karl Benz aliandikisha gari lake la magurudumu matatu tarehe 29 Januari 1886 akiwa Mannheim, na kwamba mwaka huohuo Gottlieb Daimler na mwenzake Wilhelm Maybach, waliokuwa Cannstatt karibu na Stuttgart, walifunga injini yao kwenye kigari cha kukokotwa na farasi. Ni kweli pia kwamba Mercedes lilikuwa jina la binti wa Emil Jellinek, mfanyabiashara aliyewauzia magari ya Daimler matajiri wa Nice, na kwamba kampuni hizo mbili zilizoshindana kwa miaka mingi ziliungana Juni 1926, Daimler mwenyewe akiwa amefariki tangu 1900. Nilichosikitikia ni kuona safari ya Bertha Benz ikipewa mstari mmoja tu. Agosti 1888 mama huyu aliwachukua wanawe wawili, akaliwasha gari la mumewe na kuliendesha kutoka Mannheim hadi Pforzheim, umbali wa kama kilomita 100, ambao gari la injini halikuwa limewahi kwenda. Mafuta aliyanunua kwenye duka la dawa mjini Wiesloch, bomba la mafuta lilipoziba akalizibua kwa pini ya kofia, breki zilipolika akamtafuta fundi viatu azipigilie ngozi, na baada ya safari ile gari likaongezewa gia ya kupandia milima. Kwa maoni yangu yeye ndiye wa kwanza kulipeleka gari barabarani na kurudi na orodha ya mambo ya kurekebisha, na hilo linaieleza sifa ya baadaye ya kampuni kuliko jina la binti wa Jellinek.

Kuna jambo lingine la zamani ambalo gazeti la Dar es Salaam halikupaswa kuliacha. Tarehe 10 Agosti 1907 ofisa wa jeshi la Kijerumani aitwaye Paul Graetz aliondoka katika mji wetu huu kwa gari, akikusudia kulivuka bara la Afrika hadi pwani ya Atlantiki, na aliwasili Swakopmund, katika Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909. Gari lake lilitengenezwa katika kiwanda cha Gaggenau, ambacho kilichukuliwa na kampuni ya Benz miaka michache baadaye na ambacho kimebaki katika ukoo wa Mercedes-Benz hadi zama zetu. Vitabu vinamsifu Graetz kwa ujasiri wake. Picha za safari hiyo zinaonyesha pia Waafrika wakilivuta gari kwa kamba kulitoa mahali lilipokwama, katika nchi ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imetoka kwenye Vita vya Maji Maji, na majina yao sijayaona yakitajwa popote. Anayeandika historia ya gari la Mjerumani kwa wasomaji wa hapa angeweza kuanzia hapo bila kwenda mbali.

Vilevile makala iliruka kutoka miaka ya 1930 hadi miaka ya 1950 kana kwamba katikati hapakuwa na kitu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Daimler-Benz ilitengeneza malori ya jeshi na injini za ndege za kivita kwa ajili ya utawala wa Hitler, na kufikia 1944 karibu nusu ya watu waliokuwa wakifanya kazi katika viwanda vyake walikuwa raia waliolazimishwa, mateka wa vita au wafungwa wa kambi za mateso. Kampuni yenyewe ililikubali jambo hili baada ya miongo kadhaa, na mwaka 1988 ikatoa mark milioni 20 kama fidia. Silitaji ili kuchafua jina la mtu. Nalitaja kwa sababu makala yenye neno historia katika kichwa chake haina ruhusa ya kuchagua miaka.

Sasa nije kwenye sifa ya uimara, ambayo ndiyo kiini cha barua hii. Mwandishi aliihusisha na magari ya marais na mabosi, yale makubwa meusi yenye vioo vya giza. Kwa uzoefu wangu, na kwa jinsi historia inavyoonyesha, sifa hiyo ilitoka kwa madereva wa teksi. Mwaka 1936 kampuni ilionyesha Berlin gari la 260 D, mojawapo ya magari madogo ya kwanza ya dizeli kuundwa kwa ajili ya kuuzwa kwa watu, na wateja wake wakubwa walikuwa wenye teksi. Baada ya vita ikafuata 170 D, halafu 180 D, 190 D na nyingine, hadi tukafika kwenye 240 D na 300 D ambazo wakazi wa mji huu wenye umri kama wangu wanazikumbuka. Dereva teksi mmoja wa Thessaloniki, Ugiriki, aliendesha 240 D ya mwaka 1976 hadi ikafikisha kilomita milioni 4.6, na mwaka 2004 akaikabidhi kwa kampuni iwekwe katika makumbusho yake.

Kilichoyafanya magari yale yadumu hakikuwa siri. Injini ilikuwa ya chuma kizito, yenye nguvu ndogo kwa ukubwa wake, kwa hiyo haikujichosha. Dizeli iliingia kwanza katika chumba kidogo cha kuwakia kilichomo kichwani mwa injini kabla ya kusukumwa kwenye silinda, na pampu yake ilifanya kazi kimakanika bila kompyuta yoyote. Hata kuzima injini kulifanywa kwa mvuto wa hewa uliopita kwenye vipira vyembamba, kiasi kwamba kipira kikipasuka dereva anatoa ufunguo, anashuka, na gari linaendelea kuunguruma hadi afungue boneti na kubonyeza kiwiko cha kuzimia kwa mkono. Fundi aliyelijua jambo hilo alilimaliza papo hapo kwa kipande cha mpira. Gari aina ya W123 (namba ya kiwandani ya kizazi ambacho 240 D na 300 D nyingi zimo), lililoanza kuundwa mwishoni mwa 1975 na kukoma mwanzoni mwa 1986, lilitoka viwandani kwa idadi inayokaribia milioni 2.7, na kwa sehemu kubwa ndilo lililoifanya Afrika iamini kwamba Benzi haifi. Halikuwa na haraka hata kidogo. 240 D ukiipandisha mlima wa Kimara ikiwa na abiria wanne, uliyaachia mabasi yakupite na ukaona ni kawaida.

Katika miaka hiyohiyo kampuni ilitangulia katika usalama, na hapa nakubaliana na mwandishi kabisa. Mhandisi Béla Barényi ndiye aliyelifikiria gari ambalo mbele na nyuma yake hukunjika ili chumba cha abiria kibaki kizima, na wazo hilo likaingia katika magari yaliyouzwa mwaka 1959. Breki zisizojifunga za kielektroniki, zilizotengenezwa pamoja na Bosch, ziliwekwa kwenye S-Class, gari lake kubwa la kifahari, mwaka 1978. Wahandisi waliamua kwanza gari linapaswa kuwa na nini, na bei ikaja baadaye.

Utaratibu huo ulibadilika katika miaka ya 1990. Mwaka 1989 Toyota ilileta Lexus LS 400, gari tulivu na imara lililouzwa kwa bei ya chini kuliko S-Class, na wakubwa wa Mercedes-Benz kule Stuttgart wakalazimika kuanza na bei ndipo waende kwenye mchoro. Mimi nauona mpaka huo kila ninapolifungua gari. Benzi nyingi za katikati ya miaka ya 1990 zilifungwa waya za injini ambazo ngozi yake hukauka na kumeguka kwa joto, mpaka waya zikagusana. E-Class ya W210, iliyotoka 1995, ilijipatia jina baya duniani kwa kuota kutu kwenye fenda na milango, na hebu fikirini gari la namna hiyo likiishi Kigamboni au Msasani, kwenye upepo wa chumvi mwaka mzima. Oktoba 1997 A-Class mpya, gari lao dogo, ilipinduka nchini Sweden ikijaribiwa na jarida la magari katika zoezi la kukwepa kitu barabarani, na kampuni ikasimamisha mauzo na kuyafunga magari yote ya aina hiyo mfumo wa kudhibiti mwelekeo. Mwaka 1998 ikaungana na Chrysler ya Marekani, muungano uliovunjika 2007 baada ya hasara kubwa. Kati ya hapo, mwaka 2004, iliyaita magari 680,000 kwa sababu ya breki za kielektroniki, na mwaka uliofuata ikayaita mengine milioni 1.3. Hayo yote makala haikuyagusa, na ni ajabu, kwa kuwa magari ya kipindi hicho ndiyo yaliyojaa katika yadi zetu.

Kampuni ilijirekebisha baadaye, nami nisingependa kuonekana mtu wa kusema kwamba mambo mema yaliisha zamani. C-Class ya W204 ya mwaka 2007 ni bora kuliko W203 iliyoitangulia, bodi yake haioti kutu ovyo. Ila injini zake nyingi za petroli za silinda nne zina udhaifu wa cheni ya taimingi na gia za kemshafti (mhimili unaofungua vali za injini), na mwenye gari asiyesikiliza mlio wa asubuhi injini ikiwa baridi atakuja kulipia kazi kubwa. Gia boksi otomatiki za mwishoni mwa miaka ya 1990 ziliuzwa kwa maelezo kwamba oili yake ni ya maisha yote ya gari, kisha kampuni yenyewe ikabadili ushauri na kutaka ibadilishwe. Wenye magari hayo hapa mjini bado wananiambia kwamba oili ya gia haiguswi. Na dizeli za kisasa, zinazosukuma mafuta kwa shinikizo kubwa mno kupitia nozeli zenye matundu madogo sana, hazivumilii uchafu ambao 240 D iliumeza bila kulalamika. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama za kutambua mafuta yaliyochakachuliwa) mwaka 2010 kwa sababu wauzaji walikuwa wakichanganya dizeli na mafuta ya taa, na mwenye gari la dizeli la kisasa ana kila sababu ya kuchagua kituo chake kwa uangalifu.

Nadhani mwandishi alichanganya heshima na uimara, na si yeye peke yake. Afrika Mashariki Benzi iliingia katika siasa mapema. Wabenzi, yaani wakubwa waliotembelea Benzi, walikuwa wakisemwa vijiweni tangu miaka ya mwanzo ya uhuru, na Azimio la Arusha la 1967 lilipowawekea viongozi masharti ya kutomiliki hisa wala nyumba za kupangisha, macho ya wananchi yalikuwa pia kwenye magari yao. Gari la mkubwa lilionekana haliharibiki kwa sababu lilikuwa na dereva wake, fundi wake na fungu lake la matengenezo, na lilipochoka liliuzwa kwa mnada. Mtu aliyelinunua pale mnadani ndiye aliyekutana na gari lenyewe.

Kijana anayeagiza C-Class ya C180 kutoka Japani leo yuko katika nafasi hiyo. Amelipa ushuru, pamoja na ule wa uchakavu ambao mara nyingi hakuuhesabu, na sasa amebaki na fundi wa mtaani asiye na mashine ya kusoma kompyuta ya gari, pamoja na duka la eneo la Gerezani linalompa spea za bei tatu tofauti bila kumwambia ipi ni halisi. Gari hilo linaweza kumtumikia vizuri. Nimeyaona yanayotumika vizuri, na wenyewe ni watu waliotenga fedha za matengenezo kabla ya gari kufika bandarini, wakalipeleka kwa fundi anayeijua aina hiyo.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni kwamba mkirudi kwenye mada hii mwandishi aachane na nyota, aandike kwa kufuata aina za magari, kila moja na miaka yake na magonjwa yake. Kabla wakati huo haujafika, mnunuzi anaweza kuanza mwenyewe kwa kuomba namba ya chasisi kabla hajatuma fedha. Kwa magari mengi ya abiria yanayokuja hapa kutoka Japani huanza na herufi WDB au, kwa yale mapya zaidi, WDD, na tarakimu tatu zinazofuata, 203, 204, 210 au 211, ndizo zitakazomwambia fundi wake atazame wapi kwanza.

Wenu,
Fundi magari mstaafu,
Chang'ombe, Dar es Salaam