Mbu wangapi walipasuliwa?

Mhariri,

Makala zenu kuhusu wanasayansi wa malaria huanza na ugunduzi na kuishia kwenye tuzo. Kazi yenyewe iko katikati, na haiandikwi. Kijana anayefikiria kuitumikia taaluma hii haelewi mtafiti wa maambukizi hushinda akifanya nini maabara, na msomaji anayeambiwa kwamba dawa fulani "imezuia maambukizi", yaani imemzuia mgonjwa asimwambukize mbu, hana namna ya kuipima kauli hiyo.

Homa huletwa na vimelea vinavyozaliana ndani ya chembe nyekundu za damu. Vile vya Plasmodium falciparum, aina moja ya vimelea vya malaria, hurudia mzunguko huo kila saa 48. Vimelea hivyo haviwezi kumwambukiza mbu. Zinazomwambukiza ni gametositi, yaani chembe za uzazi za kimelea, za kiume na za kike, ambazo hukomaa kwa siku 10 hadi 12, nyingi zikiwa zimejificha kwenye uboho, ndipo zitokeze kwenye damu inayozunguka. Dawa mseto zinaweza kumpa mgonjwa nafuu huku gametositi zilizokomaa zikiendelea kuishi. Ndiyo sababu mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza, kwa maeneo yanayolenga kutokomeza malaria na yale yanayotishiwa na usugu wa dawa, dozi moja ya primakwini, dawa inayoua gametositi, ya miligramu 0.25 kwa kila kilo ya uzito.

Kuziona ni shida. Ukihesabu hadi chembe nyeupe 200 tu kwenye tone nene la damu lililopakwa kiooni na kutazamwa kwa hadubini, gametositi moja ina maana ya 40 katika kila mikrolita (sehemu ya milioni ya lita), tukichukulia kwamba mikrolita moja ina chembe nyeupe 8,000. Ukifika 1,000, moja ina maana ya 8. Mbu hunywa mikrolita mbili hadi tatu, kwa hiyo hata zikiwa chache kuliko hapo anaweza kuokota dume na jike. Hadubini ikikosa kitu, mtafiti huwauliza mbu wenyewe: huwalisha damu ya mgonjwa, kisha huwapasua kuona kama wameambukizwa.

Hapo ndipo mambo huharibika. Damu lazima ibaki nyuzi 37 tangu inapotoka mshipani: sirinji, mirija, mashine ya kuzungushia damu na kikombe cha kioo cha kulishia mbu, vyote vipashwe moto kabla. Gametositi ya kiume hutambua kwamba imefika kwa mbu kwa joto kushuka nyuzi tano hivi, pamoja na kemikali iliyomo tumboni mwa mbu na kupungua kwa asidi. Damu ikipoa mezani na kupata hewa, dume hujigawa na kutoa mbegu nane zenye mikia ndani ya dakika 10 hadi 20, mbu akiwa bado hajaguswa. Baada ya hapo dume hilo halina kazi tena. Mbu watashiba vizuri, kila kitu kitaonekana sawa, na siku ya saba utapata sifuri.

Walioshiba hutengwa na kutunzwa kwenye nyuzi 27 hivi. Siku ya saba au ya nane mbu huwekwa kwenye tone la maji ya chumvi, kifua kikashikwa kwa sindano moja na pingili za mwisho za tumbo zikavutwa taratibu kwa nyingine. Utumbo ukitoka hutiwa rangi ya merkurokromu. Oosisti, kifuko cha vimelea kinachoota kwenye ukuta wa utumbo wa mbu, ni duara lenye punje nyeusi za rangi ya kimelea ndani yake. Duara lisilo na punje hizo huenda ni kiputo cha hewa. Mara nyingi utumbo ulioambukizwa huwa na oosisti chache sana, lakini hata moja hutoa maelfu ya sporozoiti, vimelea ambavyo mbu humwingizia mtu anapomuuma, kwa hiyo anayeharakisha kuhesabu anapotosha matokeo yote.

Sifuri ya kweli nayo ina sababu zaidi ya moja. Seramu ya mgonjwa, yaani majimaji ya damu yasiyo na chembe, inaweza kuwa na kingamwili zinazozuia mbegu kurutubisha yai. Mtafiti makini huigawa damu mara mbili: sehemu moja hubaki na seramu yake, nyingine hupewa seramu ya mtu ambaye hajawahi kuugua malaria. Oosisti zikionekana kwenye ya pili pekee, kinga ndiyo iliyozuia. Zikikosekana kote, hujui bado kama damu haikuwa na gametositi hai au ilipoa tu njiani.

Kwa hiyo tunawaomba: mnapochapisha matokeo ya dawa au chanjo ya kuzuia maambukizi, andikeni mbu wangapi walipasuliwa, wangapi walikutwa na oosisti, na kundi la kulinganishia lilipata wangapi.

Watafiti wa maambukizi ya malaria